Jukwaani Tunajisifu, Koridoni Tunafundishana

Nairobi hatukosi vikao vya wanateknolojia, na ukumbi hujaa. Berlin, ninakotengenezea tovuti siku hizi, vikao ni vingi vilevile. Watu huniuliza tofauti wakitarajia nitaje skrini na kasi ya intaneti. Hayo madogo. Tofauti inayonikera ni nani anathubutu kusema nini akishapewa kipaza sauti.

Huku msemaji wa kawaida ni mwajiriwa tu, si mkurugenzi. Jioni moja alipanda mtu asiyeona, akaunganisha laptopu yake na spika za ukumbi, akawasha NVDA, ile programu ya bure inayosoma skrini kwa sauti, kisha akafungua tovuti ya duka kubwa la mtandaoni. Hakuhutubia. Alibonyeza Tab, ile ya kibodi inayokurusha kutoka kitu kimoja cha ukurasa hadi kingine. Mashine ikasema, "Kitufe." Akabonyeza tena. "Kitufe." Tena. "Kitufe." Kikapu kilikuwepo, sehemu ya kulipia ilikuwepo, alama ya kutafuta ilikuwepo, ila kwake vyote vilikuwa vitufe visivyo na majina. Watu wakacheka, halafu kicheko kikakatika chenyewe.

Mmoja wa waliojenga duka hilo alikuwa humo ukumbini. Akanyoosha mkono, akasema hiyo ni kazi yao, akaeleza ilivyotokea: kwenye michoro waliyopewa vitufe vilikuwa alama tupu bila maandishi, basi na wao wakaviweka hivyohivyo, na kwenye majaribio kila mtu alitumia macho na kipanya. Hakuna aliyemzomea. Maswali yakamiminika, maana sheria ya ufikivu ya Umoja wa Ulaya, inayotaka huduma kama maduka ya mtandaoni ziweze kutumiwa na watu wenye ulemavu, iliyoanza kutumika tarehe 28 Juni 2025, ilikuwa inabisha hodi na kila mtu alikuwa na vitufe vyake vya kurekebisha. Nilitoka pale nikijua cha kufanya kesho yake asubuhi, jambo ambalo siwezi kulisema kuhusu hotuba nyingi nilizosikiliza maishani.

Sasa msije mkadhani Wajerumani wana roho nyeupe kuliko sisi. Yule bwana ana mkataba wa kudumu, na sheria ya kazi ya huku haimpi mwajiri nafasi ya kumtimua kirahisi kwa sababu amesema ukweli ukumbini. Tena mji huu una historia ya kuanika dosari hadharani. Chaos Computer Club, chama cha wadukuzi, ilianzishwa hapa mwaka 1981, na mwaka 1984 watu wake walitumia udhaifu wa Btx, huduma ya mtandaoni ya posta ya Ujerumani kabla ya intaneti, kuichota benki moja ya Hamburg takriban mark 135,000, wakatangaza walichofanya, wakarudisha pesa. Ukikulia kwenye mazingira hayo, kusema "hiki kimevunjika, tazameni" hakukuondolei heshima.

Nairobi mambo ni mengine. Wengi wetu tunaishi kwa kazi za mkataba: tovuti ya shule hii, mfumo wa sacco ile. Aliye jukwaani anajua kwamba mteja wake wa mwezi ujao huenda amekaa mbele yake. Akisema mfumo wake ulianguka Ijumaa, amemwelekeza mteja kwa mshindani. Kwa hiyo tunasikilizishwa suluhisho, mapinduzi, ukuaji, neno kutoka kwa mdhamini, kisha picha ya pamoja. Simlaumu mtu, njaa haina soni.

Lakini toka nje ya ukumbi uone. Nilipokuwa nyumbani mara ya mwisho, kijana mmoja aliyetoka kuhutubia kuhusu "mustakabali wa biashara mtandaoni" alinisimulia koridoni kisa chenye maana kuliko hotuba yake yote. Alikuwa ameunganisha duka la mteja na M-Pesa. Mnunuzi akiweka namba ya siri, taarifa ya malipo hutumwa kwenye seva ya duka. Usiku mmoja seva yake ililala. Wanunuzi walilipa, pesa zikaingia, lakini oda zikabaki zinasubiri, na wengine wakalipa mara ya pili wakidhani ya kwanza haikupita. Tangu hapo haingoji taarifa peke yake: muamala ukikawia, mfumo wake unauliza wenyewe hali ya malipo, na namba ya muamala haikubaliwi mara mbili kwenye hifadhidata. Nikamuuliza mbona hayo hakuyasema ndani. Akacheka tu.

Ni vivyo hivyo kwenye uzito wa kurasa. Mtengenezaji wa Nairobi anajua kwamba picha isiyopunguzwa inakula bando la mtu, na kwamba simu ya bei nafuu inahema ikipewa mzigo wa JavaScript, msimbo unaoendesha ukurasa. Huku wenzangu wengi hulijadili suala hilo kama alama za kupata kwenye jaribio. Tunaloweza kuwafundisha tunalificha, kwa sababu tunaona ni habari za shida na si za teknolojia.

Na hapo ndipo ninapoionea Berlin huruma kidogo. Hotuba ikiisha, watu huvaa makoti wakaondoka. Unaweza kukaa karibu na mtu msimu mzima usijue anafanya kazi wapi. Nairobi, kabla hujafika getini umeshaingizwa kwenye kundi la WhatsApp, na Jumatatu kuna mtu anakupigia ana kazi iliyomzidi. Ujirani huo umezaa makubwa. Mwanzoni mwa 2008, ghasia za baada ya uchaguzi zilipopamba moto, Ory Okolloh aliuliza kwenye blogu yake nani anaweza kutengeneza ramani ya matukio. Erik Hersman, Juliana Rotich na David Kobia wakaitikia, na Ushahidi, jukwaa la kuweka ripoti za wananchi kwenye ramani, ikazaliwa. Wala haikuhitaji ukumbi. Ilitosha kwamba aliyekuwa na shida aliisema, na wenye ujuzi walikuwa wanamsikia. iHub, kituo cha wanateknolojia, ilipofunguliwa mwaka 2010 kwenye Ngong Road, watu hao walipata mahali pa kuketi.

Kuhusu hofu ya kupoteza wateja, nina jambo moja la kusema. Baadaye shirika fulani liliniuliza ninamjua nani Nairobi wa kuunganisha malipo. Nilikuwa nimesikiliza wasemaji kadhaa safari hiyo, slaidi zao ziking'aa, na sikumkumbuka hata mmoja. Nilitoa namba ya yule kijana wa koridoni, nikawaambia ndiye ninayemjua ambaye seva yake imeshawahi kulala na akajua la kufanya. Wakampigia.

Basi waandaaji, mkipanga kikao kijacho, msianze na mdhamini. Wapeni watu watatu dakika kumi kumi, kila mmoja na kitu kilichomharibikia na alivyokitengeneza, skrini ikiwa wazi. Anayeogopa mteja wake kutambulika na abadilishe jina la duka. Mdhamini atasema mwishoni, na nina hakika siku hiyo atakuta viti havijaachwa.