Tshibumba wa Lubumbashi: mchoraji tu au mwanahistoria?

Kila akitajwa Tshibumba Kanda Matulu, mchoraji wa Kongo, ubishi ni uleule. Jamaa alizaliwa 1947, enzi hizo Lubumbashi bado inaitwa Elisabethville, hakusomea uchoraji popote, alijifundisha mwenyewe, akawa anachora hata kwenye vitambaa vya magunia ya unga, alafu mwanzoni mwa miaka ya 80 akapotea na mpaka leo haijulikani aliishia wapi. Yeye alijihesabu mwanahistoria. Kuna wanaocheka wakisikia hivo.

Na wanaocheka wana hoja, tusijifanye hawana. Angalia picha yake ya kifo cha Lumumba: maiti tatu chini, Lumumba na wenzake wawili waliouawa naye, Mpolo na Okito, Lumumba ana jeraha ubavuni, na kwa mbali imesimama misalaba mitatu. Golgotha kabisa, pale aliposulubiwa Yesu. Sasa tarehe 17 Januari 1961 hakukuwa na msalaba wowote, walipigwa risasi usiku porini huko Katanga, maafisa wa Kibelgiji wakiwepo, baadaye miili ikakatwakatwa na kuyeyushwa kwa tindikali, ndo maana mwaka 2022 kilichorudishwa Kongo ni jino. Ukitaka kujua usiku ule ilikuwaje, picha hii itakupoteza.

Ila mi naona hiyo misalaba siyo kosa la mtu asiyejua, ni hukumu. Tshibumba anakwambia huyu aliuawa bila hatia na kifo chake kina maana kwa wengine, na amekuwekea wazi ukatae au ukubali. Maprofesa nao wanahukumu, wanaificha tu kwenye sentensi ndefu. Alafu hao wenye nyaraka walikuwa wapi? Bunge la Ubelgiji lilikuja kutoa ripoti ya uchunguzi wake mwaka 2001, miaka 40 baada ya mauaji. Tshibumba alichora pia wachimbaji wa Union Minière, kampuni ya madini ya Wabelgiji, waliogoma Desemba 1941 wakamiminiwa risasi na askari, jambo ambalo mjini pale wazee walikuwa wanalijua hata kama vitabu vya shule havikulisema.

Kwangu mimi hoja nzito zaidi dhidi yake ni ya hela. Wateja wa mtaani walitaka picha za kutundika sebuleni, mamba muntu, yaani nguva, au ile ya Colonie Belge, mfungwa anachapwa mbele ya bosi Mbelgiji. Historia nzima ya nchi, kuanzia kabla ya wazungu mpaka Mobutu, picha zaidi ya 100, aliikamilisha 1973 na 1974 kwa sababu alipata mnunuzi mmoja, Johannes Fabian, mwanaanthropolojia aliyekuwa chuoni Lubumbashi. Sasa hiyo ni historia ya Wakongo au ni ya mteja? Sitaki kulikwepa hili, bila ule mfuko wa mzungu huenda tungebaki na nguva tu, na mteja akishakuwepo mchoraji lazima anajua anachopenda kusikia.

Kinachonifanya nisimame upande wa Tshibumba ni zile tepu. Yeye na Fabian walikaa wakapitia picha moja moja, kinasa sauti kinazunguka, na mazungumzo ni Kiswahili cha Katanga, siyo Kifaransa cha kumfurahisha mgeni. Anaeleza, anabisha, anapanga nini kitangulie na nini kifuate, huyo siyo mtu aliyepewa oda akatii. Picha zenyewe ndo ziko Amsterdam, kwenye jumba la makumbusho lililokuwa likiitwa Tropenmuseum, siku hizi Wereldmuseum, mbali na zile sebule. Lakini maneno yapo kwa lugha yetu, Fabian aliyanukuu, na kwa Kiswahili chake cha kuchanganya na Kifaransa msomaji wa Dar au Mombasa atakwama mwanzoni kisha atazoea. Anayetaka kumpinga Tshibumba kwamba siyo mwanahistoria aanzie pale, maana mpaka sasa wengi wanabishana na rangi wakati mwenyewe alishajieleza kwa mdomo.