Kukimbia nako ni mbinu

Eti ile "siri kuu" ya shule ya mapigano ya Saotome kwenye Ranma ½, ile katuni ya Kijapani, yaani kutimua mbio, ni mzaha wa kujazia kurasa tu? Sikubali. Anayesema hivyo kasahau nusu ya pili ya mbinu hiyo: unakimbia huku unawaza namna ya kumpiga adui. Nilicheza karate miaka sita, na mwalimu alitufokea kila siku, "Toka hapo, fikiria!" Kichekesho hasa ni mbinu yao nyingine, ile yenye jina la chui milia mkali: unangoja pigo la kutisha, kumbe ni kupiga magoti, paji la uso sakafuni, kuomba radhi! Rumiko Takahashi, mchoraji wa katuni hiyo, alijua kuwakejeli mabingwa wa majina marefu. Nyie mnakumbuka mbinu ipi nyingine?