Boksi la Wati 200

Suruali niliivulia Barabara ya 12, hapa Ngamiani, Tanga, saa nne asubuhi, mbele ya muuza kahawa na wateja wake saba, kofia ya viua ikiwa bado kichwani. Sikuwa nimelewa, wala hakuna siafu aliyenipanda. Nilikuwa naacha sigara.

Sigara nilianza ujanani, na hadi mwaka huo nilikuwa nimefika paketi nzima kwa siku, yaani ishirini. Mke wangu alishachoka kufua kanga zinazonuka jivu. Nikampigia mpwa wangu, ambaye ana kibanda Kariakoo na anajua vitu hivi, nikamwambia nataka hiyo sigara ya umeme, vepu. Akanitumia picha tatu kwenye simu. Ya kwanza kidude kidogo, ukikifumba mkononi hakionekani. Ya pili ndefu, nene kiasi, kama kalamu ya kuandikia ubaoni. Ya tatu boksi, zito kwa kulitazama tu, lina kioo kinachoonyesha namba kama mita ya Luku.

"Mjomba, anza na hiyo ndogo," akaandika.

Nikamjibu kuwa mtu mwenye miaka ishirini na mbili ya moshi harudishwi shule ya vidudu. Nikauliza boksi lina wati ngapi. Akasema 200. Ile ndogo je? Akasema 15. Basi, biashara ikaishia hapo. Nilichagua vepu kwa kipimo kilekile tunachochagulia spika za mdundiko: yenye namba kubwa ndiyo yetu. Nikaongeza na dawa yake, ile maji ya kujaza, nikamwambia aniletee kali kuliko zote dukani. Akajaribu kunieleza kuwa dawa kali na boksi kubwa haviendi pamoja. Nikamkatia simu, maana salio lilikuwa langu.

Mzigo ukaja na basi la jioni. Ndani mlikuwa na boksi, tangi la kioo, koili mbili, betri nne na kichupa cha mililita 30. Kizibo cha kichupa kilinishinda dakika tano. Kinataka ukibonyeze chini kwanza ndipo ukizungushe. Kimetengenezwa hivyo ili mtoto asikifungue, kwani nikotini ya maji ni sumu akiinywa, na hata wewe ikikumwagikia mkononi nawa upesi. Nilikifungua kwa meno. Ulimi ukafa ganzi, na bado sikujiuliza.

Koili ni roho ya kitu hiki, na kuielewa ni nusu ya kazi. Ni kijiwaya kilichozungushwa pamba. Pamba inanyonya dawa, waya unapata moto, dawa inageuka mvuke, unavuta. Hakuna jani linaloungua, kwa hiyo hakuna jivu. Ila pamba ikiwa kavu, kinachoungua ni pamba yenyewe. Ndiyo maana koili mpya hutiwa matone manne matano kwenye vitundu vyake ambamo pamba inaonekana, tangi likajazwa, na kitu kizima kikaachwa kimesimama dakika kumi kabla ya mtu kukigusa. Ubavuni mwa koili pameandikwa pia kiasi cha wati inazovumilia. Yangu ilisema 60 hadi 80.

Mimi nilijaza, nikapandisha namba mpaka 200, maana 200 ndizo nilizolipia, nikavuta papo hapo.

Umewahi kulala kwenye godoro la sufi likashika cheche ya sigara? Ladha ni hiyo, lakini kooni. Machozi yalinitoka kwa jicho moja tu, la kushoto, sijui kwa nini. Koili ikawa imekufa. Pamba ikishaungua hairudi. Hata uitie dawa mpya, kila ukivuta utakutana na lile godoro. Taa ya ukumbini kwangu ni wati 9. Nilikuwa nimejiwashia mdomoni taa zaidi ya ishirini.

Kesho yake nikafunga koili ya pili. Safari hii niliingoja hiyo dakika kumi nikiitazama kama mtu anayesubiri ubwabwa, kisha nikaweka wati 65. Mama mkwe alikuwa amekuja kutoka Pangani siku hiyo, amekaa ukumbini anachambua mchele. Kwa heshima nikaingia chumbani, nikafunga mlango, nikafunga na dirisha mvuke usimfikie. Chumba chenyewe futi kumi kwa kumi.

Sasa hapa pana jambo ambalo mpwa wangu alitaka kuniambia nikamkatia simu. Mvuta sigara hujaza moshi mdomoni kwanza, ndipo anaushusha kifuani. Koili za kufanania sigara zina upinzani mkubwa wa umeme, ambao hupimwa kwa omu, kuanzia omu 0.8 hadi 1.2 hivi, zinakula wati 10 mpaka 15, na tundu la hewa ni jembamba, kwa hiyo unafyonza polepole kama juisi kwenye mrija. Koili yangu ilikuwa omu 0.15. Hiyo haivutwi kwa mdomo. Unaivuta moja kwa moja mpaka kifuani kama shisha, hewa inaingia bwerere, na mkupuo mmoja unabeba mvuke mara nyingi zaidi. Ndiyo maana wanaovuta maboksi hutumia dawa hafifu, miligramu 3 za nikotini kwa kila mililita. Mimi kichupani mwangu mlikuwa na 20, nikotini ya chumvi, ambayo haikwaruzi koo, kwa hiyo hata koo halikupata nafasi ya kunionya. Uingereza na nchi za Umoja wa Ulaya, miligramu 20 ndio mwisho wa sheria, na kule watu wanaivutia kwenye vidude vidogo kama kile nilichokikataa.

Nilivuta mikupuo sita. Wa kwanza ulikuwa mtamu, embe kabisa. Wa tatu kichwa kikawa chepesi. Wa sita kuta zikaanza kusogea, jasho la baridi likanitoka, na kwikwi ikanishika. Nikotini ikizidi huja na kwikwi na kichefuchefu. Dawa yake ni kuacha palepale, kutoka nje upate hewa na kunywa maji. Mimi nilikaa kitandani nikishika nguzo ya chandarua, huku chumba kimejaa wingu jeupe hata miguu yangu siioni.

Wingu nalo halikai. Lilitafuta nyufa za dirisha, likatokea uchochoroni. Nikasikia mtoto wa jirani: "Moto! Jamani, nyumba ya baba inaungua!"

Ngamiani ukilia moto huitwi mara mbili. Kabla sijapata mlango, dirisha lilisukumwa kwa nje na ndoo ya kwanza ikaingia. Ya pili ilikuwa ya maji ya kuoshea vyombo. Niliijua kwa punje za wali. Jirani mmoja alikuwa ameshabonyeza moja na moja kwenye simu, imebaki nne aipate zimamoto. Nikatoka ukumbini nimelowa, kifua wazi, boksi mkononi, kioo chake kikiwakawaka.

Mama mkwe akaweka ungo chini. "Mwanangu, umeungua?"

"Sija... kwi... sijaungua, mama. Shika... kwi... shikamoo."

"Marahaba. Mbona umenisalimu asubuhi?" Akanusa hewa, mara ya kwanza, mara ya pili. "Nani anachemsha glisirini? Hii si ile ya kupaka visigino?"

Mke wangu alicheka mpaka akakaa kwenye kizingiti. Lakini mama mkwe alipatia. Dawa ya vepu ni vitu vinne: glisirini ya mimea, propilini glaikoli, ladha na nikotini. Glisirini ndiyo inayotoa wingu, na ni nzito. Glaikoli ni nyepesi, inabeba ladha. Maboksi yanataka dawa nzito, glisirini 70 kwa glaikoli 30. Vidude vidogo vinataka nusu kwa nusu. Dawa yangu ilikuwa nusu kwa nusu, na kwenye koili yenye matundu makubwa dawa nyepesi haikai. Ilikuwa imechuruzika kupitia matundu ya hewa, ikanilowanisha kiganja chote embe na nikotini. Nilidhani ni jasho.

Mzee mmoja kati ya waliokuja na ndoo alinishauri nitie matone ya mafuta ya mkaratusi, yatafungua kifua. Msimsikilize. Mafuta ya aina yoyote, ya karafuu, ya mkaratusi, hata ya nazi, hayavutwi. Yakiingia kwenye mapafu hayatoki kirahisi, yanaweza kuleta ugonjwa. Na glisirini ya dukani ya visigino ibaki kwenye visigino.

Kifaa hiki cha kisasa alikibuni mfamasia wa Kichina, Hon Lik, mwaka 2003, naye mwenyewe alikuwa mvutaji. Sidhani kama hesabu zake zilikuwa na mama mkwe ukumbini.

Mtu mwenye akili angeishia hapo. Mimi nilijiambia tatizo ni dawa, nitatafuta hafifu, boksi ni zima. Asubuhi ya siku ya tatu nikapanda baiskeli kwenda mjini. Boksi nililiacha nyumbani likiwa na betri mbili ndani, na zile mbili za akiba nikazitia mfuko wa kulia wa suruali. Humo mlikuwa na funguo za nyumba, ufunguo wa kufuli la baiskeli, na sarafu za chenji.

Betri hizi huitwa 18650: upana milimita 18, urefu 65. Si kama betri za redio. Zile ukizisahau mfukoni na funguo pengine zinaisha tu. Hizi zina nguvu ya kutoa umeme mwingi kwa mara moja, ndiyo maana zinanunuliwa. Halafu ukiitazama, chanya iko juu, kile kitufe cha katikati, na bati lote linalobaki, kuanzia chini hadi mabegani, ni hasi. Kinachotenganisha viwili hivi kwa nje ni nailoni nyembamba ya rangi na kipete cha karatasi juu. Mimi pakiti ya betri niliifungua kwa kisu cha jikoni, na moja nikaichana nailoni pale begani. Niliiona. Nikasema ni rangi tu.

Basi kwenye matuta ya Barabara ya 12 ufunguo ukalala pale palipochanika, ncha yake ikagusa kitufe. Umeme ukipata njia ambayo haina taa ya kuwasha wala koili ya kuchemsha, wote unageuka joto. Mwanzo nilihisi uvuguvugu, nikadhani ni jua. Hatua ishirini mbele nikajua jua haliwezi kuchagua paja moja.

Niliruka kutoka kwenye baiskeli ikiwa bado inakwenda. Yenyewe iliendelea mpaka kwenye meza ya mihogo. Mkono mfukoni hauingii, unachoma. Mkanda ukagoma. Nikaufungua kwa nguvu ambazo sikuwa nazo tangu nilipokuwa kijana, suruali ikashuka, nikaitupa mchangani nikasogea nyuma. Ndani nilikuwa na bukta ya Coastal Union, na kwa hilo nashukuru.

Muuza kahawa ndiye aliyekuwa na akili. Hakuuliza. Alichukua koleo la makaa la chini ya mdila wake, akaushika mfuko wa suruali kwa ncha, akaukung'uta mpaka funguo zikaanguka huku na betri kule, kisha akaibana ile ya moto kama kaa, akaipeleka katikati ya mchanga mtupu mbali na watu. Akasimama pembeni, hakuisogelea tena, hakuimwagia kahawa kama mteja mmoja alivyokuwa akimhimiza. Haikulipuka. Ilitoa harufu kali tamu kama ya dawa ya kufutia rangi ya kucha, ikapoa taratibu. Ingeweza kulipuka; betri ya namna hiyo ikishaanza kutoa moshi, unakimbia kwanza na unauliza baadaye.

"Bwana," akaniambia nikivaa, "kahawa moja ni bure, ya kukutuliza. Kashata utalipa."

Betri ile nimeiweka peke yake kwenye kopo la bati nje ya nyumba, haitatumika tena hata ikisoma imejaa. Ikishapigwa shoti imeharibika kwa ndani. Ile ya pili nimeitafutia kikasha cha plastiki cha shilingi elfu mbili. Ndicho kitu ambacho kingenihifadhia heshima yote ya Barabara ya 12.

Nikampigia mpwa wangu. Hakucheka, na hilo liliniuma zaidi. Akaniuliza maswali mawili tu: unavuta sigara ngapi kwa siku, na ya kwanza unaivuta muda gani baada ya kuamka. Nikasema ishirini, na ya kwanza kabla ya kupiga mswaki. "Basi dawa ya 20 ni yako, mjomba. Ulikosea kifaa, hukukosea dawa."

Kikaja kidude kidogo. Betri imo ndani, haitoki, inachajiwa kwa waya wa simu. Podi yake, yaani kitangi chake cha dawa, inabeba mililita 2. Koili omu 1. Hakina kitufe, ukifyonza kinawaka. Ukivuta, vuta sekunde tatu polepole, kisha subiri nusu dakika pamba inywe tena. Ukikifukuzia utakutana na godoro. Usifyonze kwa nguvu kama mtu anayetafuta uboho kwenye mfupa, utaivuta dawa yenyewe mdomoni, na ladha yake nimeshaisema. Koili moja inanifikisha siku kumi. Dawa tamu sana huiziba mapema kwa sababu utamu wake unagandia wayani, ndiyo maana embe nimeiacha, natumia ya mnanaa. Mvuke wake ni mchache, haufiki hata darini. Kwa asiyevuta sigara sioni cha kutafuta humu, nikotini ni ileile na inashika vilevile. Kwangu mimi, kanga za mke wangu hazinuki jivu tangu mfungo uliopita.

Boksi liko juu ya kabati, halina betri. Wiki jana mama mkwe alikuja tena kutoka Pangani. Nilimpokea begi, nikamwamkia, akaitikia. Kabla hajakaa aliangaza macho ukumbini, akamwita mjukuu wake wa kwanza.

"Mwanangu, ile ndoo ya maji mnaiweka wapi siku hizi?"