Dola 40 za Jim: kinaya cha Huck Finn kinafika wapi?

Huck Finn, mvulana anayesimulia riwaya maarufu ya Mark Twain, ameshaandika barua. Anamwarifu Bi Watson kwamba Jim, mtumwa wake aliyetoroka, anashikiliwa na mkulima mmoja huko kusini, na atatolewa iwapo atatuma zawadi. Akimaliza kuandika anajiona ametakasika dhambi kwa mara ya kwanza maishani. Kisha anaanza kumfikiria Jim: jinsi alivyokuwa akimshikia zamu usiku ili aendelee kulala, jinsi alivyofurahi walipoonana tena baada ya kupotezana kwenye ukungu mtoni. Anaitazama barua, anaichana. Haya basi, anajiambia, nitakwenda motoni.

Hiyo ni sura ya 31 ya Adventures of Huckleberry Finn, riwaya ya Mark Twain iliyotoka Uingereza mwishoni mwa 1884 na Marekani mwanzoni mwa 1885. Mtoto anatenda jambo jema kuliko yote aliyowahi kutenda, naye anaamini kwa moyo wote kwamba anajiangamiza. Dini aliyofundishwa, sheria ya jimbo na majirani wote wamemwambia kwamba kumsaidia mtumwa kutoroka ni wizi.

Wayne Booth, mhakiki aliyeieneza dhana ya msimulizi asiyeaminika kupitia kitabu chake cha 1961, alimtaja Huck kama mfano: anajiona mwovu wa kuzaliwa, huku mwandishi akimsifu kimyakimya nyuma ya mgongo wake. Lakini tuwe waangalifu hapa. Huck ni mwongo hodari. Kila anapotia nanga anazua jina jipya na wazazi wapya. Hata hivyo alichokiona anatusimulia kama alivyokiona. Kosa liko kwenye mizani aliyopewa ya kupimia mambo. Katika sura ya 23 Jim analia usiku akiikumbuka familia yake, na anasimulia alivyompiga bintiye kwa kutotii, kumbe homa ilikuwa imemwacha kiziwi. Huck anakiri kwamba Jim anawapenda watu wake kama wazungu wanavyowapenda wao, kisha anaongeza kwamba jambo hilo halielekei kuwa la kawaida, ila anadhani ndivyo lilivyo. Ushahidi umetoka kinywani mwake na bado hukumu inamponyoka.

Wanaoitetea riwaya husimama hapo, na wana haki. Twain alizaliwa Missouri mwaka 1835, katika familia iliyowahi kumiliki watumwa, akakulia Hannibal kando ya Mississippi. Dhamiri iliyopotoshwa aliijua kwa ndani. Angempa kazi ya kusimulia mtu mzima anayepinga utumwa, tungemwitikia tu na kuendelea na mambo yetu. Huck anatulazimisha kumpinga, na katika kumpinga tunaihukumu jamii nzima iliyomlea.

Upande wa pili unauliza: nani hasa anayelazimishwa kumpinga? Kinaya hufanya kazi kwa msomaji ambaye tayari anajua Huck amekosea. Tusi la kibaguzi dhidi ya watu weusi limo zaidi ya mara 200, na mwanafunzi mweusi anayelisikia likisomwa kwa sauti darasani halipokei kama mbinu ya fasihi. Mwaka 2011 shirika la uchapishaji la NewSouth lilichapisha toleo lililoweka neno “mtumwa” mahali pake. Kwangu hilo ni kufuta alama za vidole kwenye silaha, maana tusi lenyewe ndilo ushahidi. Lakini shida ya mwalimu aliyesimama mbele ya darasa hilo ni ya kweli.

Mtihani mkali zaidi uko sura ya 32, mara tu baada ya barua kuchanwa. Huck anamdanganya Shangazi Sally, mke wa yule mkulima anayemshikilia Jim, kwamba kifuniko cha silinda ya injini ya mvuke kililipuka melini. Kuna aliyeumia? anaulizwa. Hapana, anajibu, ila mweusi mmoja amekufa, na neno analotumia ni lile lile. Ni bahati, anasema Shangazi, maana wakati mwingine watu huumia. Je, Huck anaamini alichosema, au anamwigizia mama huyo anachotaka kusikia? Yumo katikati ya uongo mwingine na hatuambiwi. Walio upande wa Twain huona hapa dhihaka kali kwa mama mwema asiyewahesabu weusi kuwa watu. Wapinzani wake huona mtoto aliyetoka kuchagua moto kwa ajili ya rafiki yake, na sura moja tu baadaye hajabadilika. Nadhani wote wawili wamesoma sawasawa, na hapo ndipo ukurasa huo unapouma.

Hitimisho la riwaya ni habari nyingine. Tom Sawyer, rafiki yake Huck, anafika na kuugeuza ukombozi wa Jim kuwa mchezo wa majuma kadhaa, wenye panya, nyoka na barua za vitisho, ilhali anajua kwamba Bi Watson alishafariki miezi miwili nyuma na kumwacha huru Jim katika wosia. Ernest Hemingway, aliyesema mwaka 1935 kwamba fasihi yote ya kisasa ya Marekani imetoka kwenye kitabu hiki, aliwashauri wasomaji waishie Jim anapoibwa. Yaliyobaki, alisema, ni udanganyifu. Wengine hujibu kwamba Twain alikimaliza kitabu baada ya 1877, serikali ya Marekani ilipowatelekeza weusi wa Kusini, na mtu huru anayefungwa tena kwa burudani ya mzungu ni picha kamili ya miaka hiyo. Hoja nzuri, lakini inaeleza historia bila kumweleza Huck. Katika sura hizo anamfuata Tom tu, na ile nafasi kati ya anachokiona na anachokielewa, iliyokuwa uhai wa kitabu, inazibika.

Haizibiki yote. Tazama dola 40. Ndizo walizompa Huck watu waliokuwa wakiwasaka watumwa mtoni. Ndizo bei ambayo Jim aliuzwa na tapeli mmoja aliyejiita mfalme. Ndizo Tom anazomlipa Jim mwishoni kwa kuwa mfungwa mvumilivu, na Jim anafurahi. Huck anazitaja mara zote tatu bila kuziunganisha.

Na kuna maiti ya sura ya 9. Katika nyumba iliyokuwa ikielea mtoni Jim aliona mtu aliyekufa, akamfunika, akamzuia Huck asimtazame uso. Katika ukurasa wa mwisho ndipo anapomwambia: alikuwa baba yako. Huck alikuwa akimkimbia baba huyo. Angejua mapema angeweza kurudi nyumbani, na Jim angebaki mtoro peke yake mtoni. Huruma au hesabu? Huenda vyote viwili, na hapo Jim ni mtu mwenye akili pana kuliko Huck alivyowahi kumwona.

Percival Everett aliuingia mwanya huo huo kwa riwaya yake James ya 2024, iliyoshinda tuzo ya Pulitzer 2025: Jim anasimulia mwenyewe, na lafudhi yake ya kitumwa ni barakoa anayoivaa mbele ya wazungu. Kama Twain aliuacha mwanya huo kwa kusudi, maandishi hayasemi. Jim anapomaliza kumwambia kuhusu babake, Huck anapita moja kwa moja kutuarifu kwamba Tom karibu amepona jeraha lake la risasi, na hamuulizi Jim chochote.