Dadu ya hesabu na dadu ya mkononi

Muulize mwanafunzi uwezekano wa kupata sita kwenye dadu, atakujibu 1/6 bila hata kuigusa. Nyuso sita, zote zina nafasi sawa, basi. Huo ni uwezekano wa kinadharia. Sasa mpe dadu airushe mara 60. Sita ikitokea mara 14, uwezekano wa kimajaribio ni 14/60. Tuamini upi?

Wanaotetea nadharia wana hoja nzito. Katika mirusho 60 tunatarajia sita mara 10, na bahati peke yake huisogeza hesabu hiyo kwa tatu hivi, juu au chini. Kupata 14 si ajabu hata kidogo. Wale wanaosema "endelea kurusha, mambo yatajisawazisha" wamepatia nusu tu. Ukirusha mara 6,000, mkengeuko wa kawaida (yaani kiasi ambacho bahati huisogeza hesabu) kutoka 1,000 ni karibu 29, mkubwa kuliko ule wa mwanzo! Kinachopungua ni uwiano wake kwa mirusho yote: kutoka karibu asilimia 5 hadi nusu asilimia. Dadu haikumbuki kitu, wala hailipi sita ilizokunyima. Huko kupungua kwa uwiano ndiko kunakoelezwa na kanuni ya namba kubwa ya mwanahisabati Jacob Bernoulli, iliyochapishwa mwaka 1713, yeye akiwa ameshafariki.

Lakini nadharia nayo ina tundu, limejificha kwenye yale maneno "zote zina nafasi sawa". Nani kasema? Mwaka 1894 Walter Weldon, mwanabiolojia Mwingereza, alitoa matokeo ya dadu 12 zilizorushwa pamoja mara 26,306, yaani matokeo 315,672. Tano au sita zilitokea mara 106,602, sawa na 0.3377, ilhali nadharia inadai 0.3333. Utasema ni tofauti ya kupuuzwa. Kwa mirusho mingi kiasi hicho, bahati ingesogeza hesabu kwa takriban 265. Hapa imezidi kwa 1,378. Mwanatakwimu Karl Pearson aliitumia data hiyo mwaka 1900 alipoeleza kipimo chake cha khi-mraba, kinachopima kama tofauti kati ya matokeo na nadharia ni kubwa mno kuwa bahati tu, na dadu zile hazikupita. Maelezo ya kawaida ni kwamba vitone vilichimbwa: uso wa sita umepoteza maada nyingi kuliko uso wa moja ulio mkabala nao, ukawa mwepesi, ukapenda kukaa juu.

Ndiyo maana zoezi la darasani la kurusha mara 30 kisha kutangaza kwamba "jaribio limeafikiana na nadharia" silielewi. Mirusho 30 haina uwezo wa kuafiki wala kupinga; kuunasa upendeleo mdogo kama wa dadu za Weldon kunahitaji makumi ya maelfu. Upande wa pili, bila ile 0.3333 ya nadharia, 106,602 ni namba tu, haimshtui mtu. Mimi huanza na nadharia, na jaribio nalisikiliza likishakuwa kubwa. Kwa mchezo wa jioni moja, 1/6 inatosha. Kasino haziridhiki nayo: vitone vya dadu zao hujazwa maada yenye uzito uleule wa ile iliyochimbwa.