Injinia, sabufa inanguruma

Nyie wadogo zangu mliotoka PCM (fizikia, kemia, hesabu) mkachagua elektroniki eti kwa sababu utotoni mlikuwa mnafungua redio ya baba halafu mnashindwa kuifunga, karibuni sana, na mimi ndo gia hiyohiyo niliyoingilia. Nilijua mpaka likizo ya kwanza nitakuwa nishaunda spika ya kuhamisha mtaa. Siku ya kwanza lekchara kaingia, hata hatujakaa vizuri, kachora mshale ubaoni, mkondo wa umeme unatoka chanya kwenda hasi. Sawa. Wiki hiyohiyo kaja mwingine kasema elektroni, zile chembe zinazobeba umeme kwenye waya, zinatoka hasi kwenda chanya. Tukaangaliana, sasa hapa muongo nani?

Kumbe wote wakweli. Karne ya 18 huko Benjamin Franklin, mwanasayansi wa Marekani, alibahatisha tu upi uitwe chanya upi uitwe hasi, elektroni yenyewe imekuja kugundulika 1897, vitabu vishajaa mishale ya kinyume, nani aanze kufuta? Ikabaki hivyohivyo. Mzee kabahatisha yeye, anayekatwa maksi ni wewe.

Halafu hesabu. Mzizi wa hasi moja mliozoea kuuita i, huku wanauita j, maana i ishachukuliwa na mkondo. Ni yuleyule, kahama mtaa kabadili jina kama mtu anayedaiwa vikoba. Sheria ya Ohm, volti ni mkondo mara ukinzani, hiyo utachekelea, uliifanya form two. Ya Kirchhoff nayo nyepesi, mkondo unaoingia kwenye kiungo ndo huohuo unaotoka, hapo hata mfano sikuhitaji maana ndo bumu langu, hela ya mkopo wa chuo, lilivyo, tofauti bumu linatoka kabla halijaingia. Aliyenitoa jasho ni Thevenin, Mfaransa wa zamani mwenye kanuni ya kufupisha saketi. Unachorewa saketi imejikunja kama mabomba ya maji ya uswazi, unahesabu kurasa mbili, jibu unaambiwa kumbe yote hiyo ni sawa na betri moja na resista moja, kile kidude cha kupunguza mkondo. Sasa kama ni betri moja na resista moja si ungechora hivyo toka asubuhi tukaenda kula?

Ila msuli unapiga, yaani unakesha na kitabu, madesa ya waliotangulia yapo, unapona. Balaa ni maabara.

Zoezi la kwanza kabisa, kuwasha taa ya LED nyekundu. Moja! Kwenye karatasi nilimaliza dakika tano: umeme volti 5, taa inakula kama 2, zinabaki 3, gawa kwa resista ya ohm 220, milliampia 13 na ushee, taa inawaka, tukale chipsi. Kuitafuta hiyo 220 sasa. Resista haina namba, ina mistari ya rangi, nyekundu nyekundu kahawia ndo 220, nyekundu tatu ni 2200, na kwa ile taa ya maabara yetu inayopepesa kahawia na nyekundu ni mapacha, mama yao tu ndo anawajua. Nikaipata. Nikachomeka kwenye bredibodi, ule ubao wa matundu wa kuunga saketi bila kuchomelea. Giza. Nikageuza taa maana ule mguu mrefu ndo unakaa chanya. Giza. Nikabadilisha taa, nikabadilisha resista, mwenzangu akaanza kuifuta ile bredibodi kwa shati kama anafuta dawati la mtihani. Nikasema ngoja nipime, mita ilikuwa imeachwa kwenye ampia, mi nikabandika ncha za waya zake moja kwa moja kwenye chanya na hasi za pawa saplai, ikasikika tik, fyuzi ya mita kwaheri, nikairudisha taratibu kwenye meza ya jirani na uso wa mtu aliyetoka kuswali.

Masaa mawili na nusu yamekata, TA wetu, yule msaidizi wa lekchara, kapita, hajauliza kitu. Kachukua kipande cha waya kirefu kama kucha, kaunganisha katikati ya ule mstari mwekundu wa pembeni. Taa ikawaka. Kumbe bredibodi nyingine ule mstari umekatika katikati kwa ndani, nusu ina umeme nusu haina, rangi ya juu inaweza kuwa imepita yote kama kawaida. Na hilo hukuti kwenye mtihani hata siku moja! Nikaandika kwenye ripoti "hitilafu ndogo za vifaa", nikapata 6 kwa 10.

Sasa rudi nyumbani likizo. Begi halijagusa chini. "Injinia karudi! Baba, hebu iangalie hii sabufa, inanguruma tu, muziki hausikiki." Nikaifungua sebuleni mbele ya mama, mjomba na watoto wa jirani. Nikatoa daftari. Transfoma inatoa volti 12, kilele chake karibu 17, toa 1.4 ya dayodi mbili, zile zinazopitisha umeme upande mmoja tu, zinabaki 15 na kitu, na umeme ukilainishwa vibaya muungurumo ni wa hezi 100 maana umeme wetu ni 50 mara mbili. Kila kitu sahihi, nawaapia. Sabufa inaendelea kunguruma. Mjomba akauliza hizo hesabu zinaisha saa ngapi maana anataka taarifa ya habari.

Kesho yake mama kanituma niipeleke kwa fundi, pale chini ya mwembe karibu na kituo cha daladala. Jamaa kachungulia ndani, kapasita kubwa, ile ya kulainisha umeme, imevimba kichwa kama andazi, kaitoa, kaweka nyingine kutoka kwenye kopo la Blue Band, kaijaribu na Bongo Fleva. Kimyaa, muziki tu. Elfu tano.

Nikaona nisiondoke kinyonge, nikamwambia nilijua ni ile, chuo ndo tunasoma hivyo.

"Safi mdogo wangu. Nani anawafundisha?"

Sijui nilipatwa na nini, nikamjibu sasa hivi tuko kwa Thevenin.

Akasimama kidogo, akawaza. "Thevenin... Huyo duka lake si lile la Kariakoo, linatazamana na wauza betri?"

Nikamwambia ndo huyohuyo.