Tathmini ya Mazingira Vijijini Dodoma Haiwezi Kufanywa Kiangazi Pekee

Kila unapoibuka mjadala wa kugeuza mashamba ya pembezoni mwa Dodoma kuwa viwanja, machimbo ya kokoto au bustani za mapumziko, wanaodai tathmini kamili ya athari kwa mazingira huhesabiwa upesi kuwa wapinga maendeleo. Huambiwa kwamba wanataka kijiji kibaki na vumbi lake, kwamba hawawaoni vijana wanaokosa ajira, na pengine kwamba kuna mtu anayewatumia. Naona hukumu hiyo si ya haki, na ubaya wake mkubwa ni kuifunika hoja wanayoileta, ambayo inahusu maji ya kunywa ya jiji zima na njia yanayopita kuingia ardhini.

Ukubwa wa shinikizo lililopo unajulikana. Tangu Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba inahamia Dodoma, ardhi iliyokuwa ya mtama, uwele, alizeti na zabibu imekuwa ikipimwa kwa kasi ambayo wazee wa maeneo haya hawakuwahi kuiona. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 410,956 katika wilaya ya mjini. Ile ya 2022 ilihesabu 765,179. Reli ya kisasa, iliyoanza kubeba abiria hadi Dodoma mwaka 2024, imeifanya safari ya kutoka Dar es Salaam kuwa ya saa zisizofika nne, na hilo limeongeza matumaini ya biashara ya wageni wa mwisho wa wiki. Anayemiliki ekari kumi zenye mawe mazuri na mibuyu miwili mitatu leo anaona nyumba za wageni mahali ambapo baba yake aliona malisho ya mbuzi.

Wanaolalamikia mlolongo wa tathmini wana hoja, na ni wajibu kuisikiliza. Mwekezaji mdogo hulipa mtaalamu mshauri na ada za Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC), kisha husubiri huku riba ya mkopo wake ikipanda. Kanuni zilizorekebishwa mwaka 2018 zilikusudia kumpunguzia mzigo huo kwa kugawa miradi katika makundi, ile yenye athari kubwa ipitie tathmini kamili na ile midogo iishie kwenye maelezo mafupi. Mpango huo una mantiki. Hakuna faida ya kumtaka mwenye bustani ya vinywaji yenye vibanda sita aandike kitabu kama anachoandika mjenzi wa uwanja wa ndege wa Msalato.

Shida yangu inaanzia hapo hapo, kwenye neno «mdogo». Udogo wa mradi hupimwa kwa eneo lake, mtaji wake na idadi ya vyumba vyake, ilhali maji ya Dodoma hayafuati mipaka ya kiwanja.

Kwa miongo mingi jiji hili limetegemea visima virefu vya bonde la Makutupora, upande wa kaskazini, chini ya vilima vya Chenene. Watafiti waliochambua kumbukumbu za vina vya maji katika visima hivyo kwa miaka 55, kuanzia 1955 hadi 2010, walichapisha mwaka 2013 matokeo ambayo yangepaswa kubandikwa katika ofisi ya kila afisa ardhi wa mkoa huu. Maji ya chini hayaongezeki kidogo kidogo kila mwaka. Hushuka kwa miaka kadhaa mfululizo, kisha hupanda kwa nguvu katika msimu mmoja wa mvua isiyo ya kawaida, mara nyingi ile inayoambatana na El Niño kama ya 1997/98, halafu huanza tena kushuka. Mvua ya kawaida ya hapa, milimita 550 hadi 600 kati ya Desemba na Aprili, huishia karibu yote kwenye udongo wa juu, majani na jua. Maji yaliyo wazi Dodoma hupoteza kwa mvuke zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Maana yake ni kwamba jiji lenye wizara zote za nchi linaishi kwa akiba iliyowekwa katika misimu michache ndani ya nusu karne.

Utafiti uliofuata katika bonde hilo hilo umeonyesha kwamba sehemu kubwa ya maji hayo huingilia kwenye mikondo ya mito ya msimu, pale mafuriko yanaposhuka kutoka vilimani na kupita juu ya mchanga. Mito hiyo ndiyo tunayoivuka kwa miguu miezi minane ya mwaka bila kulowesha kiatu.

Sasa tumfikirie mtaalamu mshauri anayefika eneo la mradi mwezi wa Agosti. Anakuta ukanda wa mchanga mweupe, migunga kandoni, nyayo za ng'ombe, na pengine kijana anayechunga. Anapiga picha, anahoji watu, anapima umbali, na anaandika kwamba hakuna chanzo cha maji cha kudumu ndani ya eneo. Hajadanganya hata kidogo. Lakini alichokikanyaga ndicho mlango ambao maji ya jiji huingilia mara moja katika miaka mingi, na ripoti yake haina ukurasa wa kulisema hilo, kwa sababu siku aliyokuwapo mlango ulikuwa umefungwa. Mkondo ukijazwa kifusi, ukipunguzwa upana kwa ukuta wa uzio, au ukisakafiwa ili wageni waegeshe magari, hasara haitaonekana mwaka huo wala unaofuata. Itaonekana siku mvua kubwa itakapokuja na kupita juu juu kuelekea bwawa la Hombolo ikiwa na matope yake, huku visima vikibaki pale pale vilipokuwa.

Jambo hili linaonekana wazi zaidi kwenye mchanga wenyewe. Nenda kwenye mto wowote wa mchanga Septemba au Oktoba, alfajiri, utakuta akina mama wamechimba shimo la kina cha mkono, wengine hadi kiunoni, wakisubiri maji yajikusanye taratibu ili wayachote kwa kikombe na kujaza dumu. Mchanga ule ni ghala. Mchanga wa chembe kubwa uliojaa maji unaweza kutoa takriban robo ya ujazo wake, kwa hiyo tipa moja ya mita za ujazo 10 inapoondoka mtoni inaondoka na nafasi ya kuhifadhi lita zipatazo 2,500, yaani madumu 125 ya lita ishirini, na nafasi hiyo inapotea kwa misimu yote ambayo mchanga huo haujarudi. Tipa kumi kwa siku ni madumu 1,250. Sijui hesabu nyingine inayoonyesha vizuri zaidi kwa nini mama wa kijijini na afisa mipango wa mjini hawaelewani juu ya mto ule ule, maana mmoja anatazama kilichomo katikati ya chembe za mchanga, na mwingine anatazama chembe zenyewe.

Watetezi wa uchimbaji hujibu kwamba mafuriko hurudisha mchanga kila mwaka. Ni kweli kwa kiasi fulani, na katika mikondo yenye vilima vinavyomomonyoka sana hurudi haraka. Husema pia kwamba mji haujengwi bila mchanga na kokoto, na hilo halina mjadala. Ila kasi ya kurudi hutofautiana kati ya mto na mto, na palipochimbwa hadi kwenye tabaka la mfinyanzi mara nyingi kinachotangulia kurudi ni tope laini, ambalo huziba badala ya kupitisha maji. Ni maswali yanayoweza kupimwa kwa fito za chuma na mtu mwenye daftari, kabla na baada ya mvua, katika kila mto unaochimbwa. Asiyepima kasi hiyo hana msingi wa kutamka kwamba mchanga utarudi.

Kuhusu mapumziko na utalii, nakiri kuna upande unaonivuta kwa wawekezaji. Historia ya mkoa huu inatuonyesha ardhi inavyoweza kupona ikipumzishwa. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulianza 1973, na mwaka 1979 mifugo iliondolewa katika eneo la Kondoa lililoliwa na makorongo, kilomita za mraba 1,256. Nyasi zilirudi, kisha vichaka, kisha miti. Kwa hiyo mwenye nyumba ya wageni anayezungushia uzio kilima kilichokwanguliwa, akazuia ukataji wa mkaa na kuacha machipukizi yakue, huenda akaifanyia ardhi hisani kubwa kuliko aliyemtangulia. Tathmini nzuri inapaswa kulihesabu hilo kama faida, na nyingi hazilihesabu. Lakini HADO pia inatukumbusha kwamba gharama ya kupona kwa ardhi ilibebwa na wafugaji walioambiwa waondoke na ng'ombe wao, na uzio wa kisasa unaokata njia ya mifugo kwenda kwenye maji unarudia deni hilo hilo kwa jirani ambaye hakuulizwa.

Halafu kuna bwawa la kuogelea, ambalo siku hizi limekuwa karibu sharti la biashara hiyo. Bwawa la mita 10 kwa 5 hupoteza kwa jua la Dodoma takriban mita za ujazo 100 kwa mwaka, sawa na madumu 5,000, kabla mgeni yeyote hajaoga. Bwawa moja si tatizo kwa bonde zima. Mabwawa arobaini, kila moja na kisima chake kirefu kilichochimbwa baada ya mradi kupita katika kundi la miradi midogo, ni jambo ambalo hakuna ripoti hata moja kati ya hizo arobaini itakayoliona. Ndivyo ilivyo pia kwa njia za pikipiki na magari ya kutalii zinazopanda vilima moja kwa moja. Udongo wa hapa ukishavuliwa majani, alama ya gurudumu huwa mfereji, na mfereji huwa korongo kabla mtoto aliyezaliwa mwaka huo hajamaliza darasa la saba.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 ina dawa ya sehemu ya tatizo hili, nayo ni tathmini ya mazingira ya kimkakati, inayopima mpango au eneo zima badala ya mradi mmoja mmoja. Sheria hiyo pia inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito. Katika mto wa mchanga, ukingo wenyewe huhama baada ya kila mafuriko makubwa, na anayepima mita 60 kiangazi huanzia mahali ambapo maji yaliamua kukaa msimu uliopita. Ingekuwa busara mita hizo zianzie kwenye alama ya mafuriko makubwa yanayokumbukwa na wenyeji, na kumbukumbu hiyo ipo. Mzee wa kijiji anaweza kukuonyesha mti ambao maji yalifika.

Hapo ndipo swali la nani anaulizwa linapoingia. Katika vijiji vya wilaya jirani za Chamwino na Bahi, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inampa mwanakijiji nguvu ya kweli: ardhi isiyozidi hekta 250 haiwezi kuhamishwa kuwa ardhi ya jumla, yaani isiyosimamiwa tena na kijiji, bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Ndani ya mipaka ya jiji, ambako Makutupora na Hombolo zipo, wakulima na wafugaji wa aina ile ile wanaishi katika mitaa, na mkutano wa mtaa hauna mamlaka hayo juu ya ardhi. Kwa hiyo wanaoishi juu ya maji ya jiji wana sauti ndogo kuliko majirani zao wa wilayani. Kwao, mkutano wa wadau katika mchakato wa tathmini ndio nafasi pekee ya maana, na muhtasari wa Kiswahili ambao kanuni zinautaka unapaswa kuwafikia wiki kadhaa kabla ya mkutano, ukiwa na ramani inayosomeka, badala ya kusomwa kwa haraka siku ambayo posho inagawiwa.

Ningependa kuona masharti mawili yakiongezwa kwa bonde la Makutupora na mito inayoliingia, hata kwa miradi ya kundi dogo. La kwanza ni kwamba hakuna ripoti ipokelewe bila ziara moja ya msimu wa mvua, kati ya Januari na Machi, na mwekezaji anayewasilisha maombi Mei akubali kusubiri. La pili ni daftari moja la pamoja, litunzwe na Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu, ambamo kila kisima kipya, kila kibali cha mchanga na kila uzio unaovuka mkondo unaandikwa, ili mradi wa arobaini na moja upimwe ukiwa umejumlishwa na arobaini iliyotangulia. Gharama ya daftari hilo inaweza kulipwa kwa tozo ndogo kwa kila tipa ya mchanga, na fedha za mwaka wa kwanza ziende kwenye fito za kupimia mito kabla ya mvua za Desemba.